Kinanda hakilii, kinaandika: kuunganisha kinanda cha MIDI cha zamani na kompyuta

Mwalimu wa kwaya alitoka Masasi na basi la alfajiri, akashuka stendi ya Mkanaledi hapa Mtwara amekumbatia kinanda kilichofungwa kwa vitenge viwili na kamba ya katani. Tulipomaliza kusalimiana akakilaza mezani kwangu, akasema, "Fundi, hiki kimekufa. Nimenunua waya, nimekichomeka kwenye kompyuta ya parokia, hakilii."

Nikamuuliza kama kiliwahi kulia chenyewe. Akasema hapana, hakina spika wala tundu la kuchomeka spika. Nikakigeuza. Nyuma kilikuwa na tundu la umeme, tundu la pedali, na tundu moja la mviringo lenye vijitundu vitano, limeandikwa MIDI OUT.

"Basi hakijafa, mwalimu. Kinanda cha aina hii hakilii, kinaandika."

Hakuridhika na jibu hilo, na alikuwa na haki, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama. Mtu akiona waya unatoka kwenye chombo cha muziki anadhani unabeba sauti, kama waya wa gitaa au wa maikrofoni. Kukiwa kimya anahangaika na spika, anaongeza sauti hadi mwisho, anabadilisha hedifoni. Waya wa MIDI, ile lugha ambayo vyombo vya muziki na kompyuta huandikiana, haubebi sauti hata kidogo.

Kwa sisi wa kusini mfano wake tunao nyumbani. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Mtwara zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Magunia yanalala ghalani, na kinachotembea hadi mnadani ni karatasi: kilo ngapi, daraja gani, ziko ghala lipi. Mnunuzi akishalipa, karatasi ndiyo inayofungua mlango wa ghala. MIDI iko hivyo hivyo. Kinanda ni karani anayeandika, waya ni mtu wa kupeleka karatasi, na sauti zenyewe, za piano, za filimbi, za ngoma, zimelala ndani ya kompyuta. Programu ya muziki ndiyo mtunza ghala: akisoma karatasi anatoa mzigo. Kukiwa kimya swali ni moja, karatasi imekwama wapi? Huenda haikuandikwa. Huenda iliandikwa ikapotea njiani. Huenda ilifika ikakosa msomaji. Au ilisomwa vizuri kabisa, ila ghala ni tupu.

Karatasi yenyewe ni fupi mno. Ukibonyeza do ya kati kwenye chaneli ya kwanza, kinanda kinatuma namba tatu, tuseme 144, 60, 78. Ya kwanza inasema noti inaanza, kwenye chaneli ya 1. Ya pili ni noti ipi, na do ya kati daima ni 60. Do kali inayofuata ni 61, re ni 62, hivyo hivyo hadi 127. Ya tatu ni nguvu ya kidole, kuanzia 1 hadi 127, ndiyo maana ukigonga taratibu piano ya kwenye kompyuta nayo inalia taratibu. Ukiinua kidole zinakwenda namba nyingine tatu za kusema noti ikome: vinanda vingine hutuma 128, 60 na namba ya tatu, vingine hutuma 144, 60, 0, yaani noti ileile kwa nguvu sifuri. Pedali nayo ina namba yake, 64. Karatasi nyingi ni za namna hiyo. Ukitaka sauti ya kinubi badala ya piano, kinanda hakibadilishi kitu. Ni ghala ndilo linalotoa mzigo mwingine kwa karatasi ileile.

Lugha hii ilianza kutumika mwaka 1983. Januari mwaka huo, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM huko California, kinanda cha Prophet-600 cha kampuni ya Sequential Circuits kiliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland, cha kampuni moja kikapigisha cha kampuni nyingine. Walioipigania zaidi ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, na mwaka 2013 wote wawili walipewa Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo. Ninawataja kwa sababu walichokubaliana hakijavunjwa. Kinanda cha 1985 bado kinaandika 144, 60, 78, na kompyuta iliyotoka dukani jana bado inasoma. Ndiyo maana nasikitika sana nikikuta kinanda kizima kimetupwa stoo kwa kuwa "hakiendani na kompyuta za sasa".

Turudi kwa mwalimu. Kosa lake lilikuwa kwenye waya, nalo ndilo ninaloliona kuliko yote. Waya unaouzwa sana una plagi ya USB upande mmoja na plagi mbili za mviringo upande wa pili, moja imeandikwa IN, nyingine OUT. Kinanda chake kina tundu la OUT. Yeye akafananisha majina, OUT kwa OUT, jambo ambalo mtu yeyote makini angelifanya. Lakini maandishi ya kwenye waya yameandikwa kwa kutazama kutoka upande wa kompyuta: IN ni mlango wa kuingilia kompyuta. Karatasi inatoka kwenye kinanda na kuingia kwenye kompyuta, kwa hiyo tundu la OUT la kinanda hupokea plagi ya IN ya waya. Wapo watengenezaji wachache walioandika kinyume, wakataja tundu la kinanda ambako plagi inakwenda. Usibishane na maandishi, badilisha ujaribu. Hutaunguza kitu.

Nasema hutaunguza kitu kwa uhakika, na sababu yake inapendeza. Umeme unaopita kwenye waya wa MIDI ni kidogo sana, kiasi cha miliampea 5. Na ndani ya mlango wa IN kuna kidude chenye kitaa kidogo na jicho linalokitazama. Umeme wa kinanda unawasha na kuzima kitaa, mara 31,250 kwa sekunde ikibidi; jicho linaona mwanga na kuiandika upya karatasi kwa umeme wa kompyuta. Umeme wa upande mmoja haukutani kabisa na umeme wa upande mwingine. Kinachovuka ni mwanga tu. Hii inasaidia hata kuzuia ile mvumo mbaya inayoingia kwenye spika vyombo viwili vinapochangia njia ya umeme.

Kama plagi imekatika na fundi anataka kuichomelea, ajue kuwa pini tano hazina kazi zote tano. Zimepangwa kwa nusu duara, na namba zake hazifuatani: zinasomeka 1, 4, 2, 5, 3. Ya katikati, namba 2, ni ya kinga ya waya. Mbili zinazopakana nayo, 4 na 5, ndizo zinazobeba ujumbe. Za pembeni kabisa, 1 na 3, hazina kazi. Ukiwa na waya nyembamba tatu na ukazichanganya 4 na 5, kitaa hakiwaki na unapata ukimya uleule. Waya mzima usizidi mita 15.

Nyaya zenyewe hazilingani ubora. Katika zile za bei ya chini kabisa nimefungua zisizo na kile kidude cha mwanga, na zingine kichakataji chake ni dhaifu mno. Kwa kupiga noti moja moja zinafanya kazi. Ukipiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, za vidole vinane kwa kasi, noti moja inaganda, inalia haiishi, kwa sababu karatasi ya "anza" ilifika na ya "koma" ikapotea. Kabla ya kulipa mwombe muuzaji ujaribu kwa kodi nzito za haraka, huku pedali ikipanda na kushuka. Dakika mbili zinatosha.

Jambo linalopotosha zaidi linafuata. Ukichomeka waya huu kwenye kompyuta, jina linatokea: USB MIDI, au jina jingine la namna hiyo. Mtu anafurahi, anasema kompyuta imekiona kinanda. Haijakiona. Kompyuta imeuona waya. Ng'oa kinanda, jina litabaki palepale. Kinanda chenye tundu la mviringo hakina njia ya kujitambulisha. Kompyuta inajua kipo pale tu karatasi inapofika. Kwa hiyo jina likitokea umethibitisha kipande kimoja cha njia, kutoka waya hadi kompyuta, na bado hujui lolote kuhusu kipande cha nyuma yake.

Cha kuthibitisha kipande cha nyuma ni programu ya kuonyesha karatasi zinazoingia. Kwenye Windows natumia MIDI-OX, kwenye Linux amri ya aseqdump, zote bure. Unafungua, unabonyeza noti, unatazama namba zikishuka. Siku ile niliiweka MIDI-OX mbele ya mwalimu, nikabadilisha plagi, nikamwambia abonyeze. Mistari ikaanza kushuka: 144, 60, 52. 144, 60, 0. Akabonyeza kwa nguvu, ikaja 144, 60, 110. Alikaa kimya kidogo, akabonyeza noti zote kutoka kushoto hadi kulia akizifuata namba kwa macho, 36 mpaka 96, kama anaita mahudhurio. Zote ziliitika. Kufikia hapo hakuna sauti yoyote iliyokuwa imetoka, lakini tulikwishajua kinanda ni kizima na waya ni mzima. Ukiona namba 254 inamiminika hata usipogusa kitu, usishtuke. Ni kinanda kinasema "nipo, nipo" mara kadhaa kila sekunde.

Namba zisiposhuka, anzia kwenye umeme. Kinanda chenye tundu la mviringo pekee hakipati umeme kupitia waya wa MIDI. Kinahitaji adapta yake au betri. Hapa naomba mtu awe makini kuliko sehemu nyingine yoyote ya makala hii, kwa sababu hapa ndipo kinanda kinapokufa kweli. Adapta iliyopotea huwa inabadilishwa na yoyote yenye plagi inayoingia. Volti zinaweza kuwa sawa, 9 kwa 9, na bado ikaua, kwa sababu ya upande wa chanya na hasi. Karibu na tundu kuna mchoro mdogo: duara dogo katikati, mstari kwenda kwenye alama ya chanya au ya hasi. Adapta nyingi za Roland zina hasi katikati, nyingi za Yamaha zina chanya katikati. Mchoro wa adapta na wa kinanda lazima ufanane. Ampea za adapta zikizidi zinazohitajika hakuna shida. Zikipungua kinanda kinawaka na kuzimika. Nimepokea bodi iliyoungua kwa adapta ya ruta ya intaneti, na mwenyewe alikuwa ameangalia volti tu.

Umeme ukiwa sawa, huku kwetu pwani kinachofuata ni chumvi. Hewa ya Mikindani na Shangani inakula shaba. Pini zinafanya ukungu wa kijani, noti zingine zinaanza kuitika kwa nguvu zisizo zake. Kwa tundu, spiriti safi ya asilimia 90 na kuendelea kwenye pamba ya kijiti inatosha, kinanda kikiwa kimezimwa na kikaachwa kikauke. Kwa noti, chini ya kila funguo kuna kipira chenye vidoa viwili vyeusi vya kaboni. Kinanda hupima nguvu ya kidole kwa muda unaopita kati ya kidoa cha kwanza na cha pili kugusa bodi. Kidoa kimoja kikichafuka, kipimo kinakosewa, na noti inapiga kelele 127 hata ukiigusa kwa upole. Inafunguliwa, inafutwa, inarudi.

Si kila kinanda cha zamani kina tundu la mviringo pekee. Vinanda vingi vya Yamaha vya miaka ya 1990 vina tundu dogo la mviringo lenye pini nane, limeandikwa TO HOST, na pembeni swichi yenye MIDI, PC na Mac. Tundu hilo lilitengenezwa kwa kompyuta ambazo hazipo tena sokoni. Usilihangaikie. Sukuma swichi ikae kwenye MIDI, utumie matundu ya pini tano yaliyo jirani. Swichi ikiachwa kwenye PC matundu ya mviringo yanakaa kimya, na watu wamebadilisha nyaya tatu bila kuigusa.

Halafu kuna vya miaka ya 2000, vyenye tundu la USB la mraba kama la printa. Hivi vinaonekana rahisi, na mara nyingine ndivyo vigumu zaidi. Mwaka 1999 ulitolewa utaratibu wa MIDI kupita kwenye USB, na kinanda kinachoufuata hakihitaji draiva, yaani programu ya kukitambulisha kwa kompyuta: unachomeka, kinatambulika. Lakini kampuni kadhaa zilikuwa na njia zao na zikatoa CD ya draiva za Windows XP. Draiva hizo ni za biti 32, na Windows ya biti 64 haizikubali, hata ufanyeje. Kabla ya kukata tamaa tazama kama kinanda kina chaguo la kubadilisha aina ya draiva. Baadhi ya vya Roland na Edirol vinalo, na ukichagua ile ya kawaida, ukazima na kuwasha, kompyuta inakitambua chenyewe. Kama hakina chaguo hilo lakini kina tundu la mviringo, achana na USB yake kwa kazi ya ujumbe, pitia mviringo. Na kama hakina hata hilo, washa kompyuta kwa Linux kutoka kwenye flashi. Kerneli ya Linux, yaani kiini chake, imebeba maelezo ya vinanda vingi vya namna hii, vya Roland, Yamaha na M-Audio, ambavyo Windows imevisahau. Jaribu pia tundu jingine la USB la kompyuta, kwa kuwa vifaa vya zamani hugoma kwenye yale ya bluu na kukubali yale meusi.

Sasa karatasi imefika. Kuna mlango mmoja umebaki, nao ni programu ya muziki. Windows kwa miaka mingi iliruhusu programu moja tu kushika waya wa MIDI kwa wakati mmoja, na mimi mwenyewe nimewahi kupoteza nusu saa kwa kusahau kuifunga MIDI-OX kabla ya kufungua FL Studio. Funga ya kwanza. Kisha kwenye FL Studio bonyeza F10, nenda kwenye ukurasa wa MIDI, chagua jina la waya kwenye orodha ya viingilio, washa kitufe kilicho chini yake. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa. Jina linaonekana, mtu anaona kazi imekwisha, kumbe bado hajampa mtunza ghala ruhusa ya kusoma. Na kama programu haina chombo kilichofunguliwa, piano au chochote, taa ya kiingilio inawaka kila ukibonyeza na husikii kitu. Hilo ndilo ghala tupu.

Ukisikia ngoma badala ya piano, kila noti ikitoa kifaa chake, tazama chaneli. Tangu 1991 chaneli ya 10 imetengwa kwa ngoma kwenye utaratibu wa sauti za pamoja, na kinanda chako kimewekwa huko. Kirudishe kwenye 1. Kama kinanda kina sauti zake na kila noti inalia mara mbili, zima ile sehemu inayoitwa Local: funguo zitaandika karatasi kwa kompyuta bila kupigisha sauti za ndani.

Lalamiko linalobaki baada ya sauti kutoka ni kwamba inachelewa. Unabonyeza, inasubiri, ndipo inalia, na mpigaji wa kwaya hawezi kwenda na waimbaji namna hiyo. Lawama huangukia kinanda kwa sababu ni cha zamani, na si haki. Karatasi ya namba tatu inatumia chini ya milisekunde moja kupita kwenye waya. Hata vidole kumi kwa pamoja ni kama milisekunde 10. Ucheleweshaji uko kwenye kadi ya sauti. Kompyuta hukusanya sauti kwenye bafa kabla ya kuitoa. Bafa ya sampuli 2,048, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, ni milisekunde 46, na draiva ya kawaida ya Windows huongeza zake juu. Ishushe hadi 256, ni kama milisekunde 6, sikio halishiki. Kwenye Windows isiyo na kadi ya sauti ya studio, draiva ya ASIO4ALL inaruhusu kushuka hivyo. Sauti ikianza kukwaruza umeshusha kuliko uwezo wa kompyuta, panda kidogo.

Asiye na kompyuta asikae nje. Android imesoma MIDI tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, kwa hiyo waya uleule na kiunganishi cha OTG vinaweza kuingia kwenye simu, ukiwa na programu ya piano inayokubali MIDI. Kinanda chenye adapta yake kinafaa zaidi hapo, kwa kuwa hakinyonyi betri ya simu.

Tulimaliza na mwalimu saa nane mchana. Piano ililia, akapiga wimbo wa komunyo hadi mwisho, kisha akasimama, akatikisa kichwa. "Fundi, pedali. Nikikanyaga inakata, nikiachia inavuta." Ilikuwa inafanya kazi kinyume. Nilimwonyesha tulivyokosea: vinanda vingi hutazama pedali mara moja tu, pale vinapowashwa, na hali vinavyoikuta nayo ndiyo vinaihesabu kuwa mguu haupo. Sisi tulikuwa tumechomeka pedali kinanda kikiwa tayari kinawaka. Akazima mwenyewe, akaondoa mguu kabisa, akawasha, akahesabu hadi tatu kwa sauti. Kisha akapiga kodi ya fa, akakanyaga, akainua mikono yote miwili juu, na ile fa ikabaki chumbani.